Tanka za Tibet: Picha Inayoandikwa na Kusomwa

Katika nchi za milima ya Himalaya, yaani Tibet, Nepal, Bhutan, Ladakh na Sikkim, na kaskazini zaidi huko Mongolia, wafuasi wa Budha wanayo desturi ya kuchora sura za watukufu wao juu ya kitambaa cha pamba, kukizungushia hariri, na kukikunja kama mkeka kinapokwisha kutumika. Kitambaa hicho ndicho kiitwacho tanka. Akionaye kwa mara ya kwanza hushangazwa na wingi wa rangi, mikono, macho, mafuvu na ndimi za moto, akadhani kwamba mchoraji aliziacha fikira zake zikimbie zitakavyo. Dhana hiyo ni kinyume cha ukweli. Ni vigumu kuipata sanaa nyingine ambayo mkono wa msanii umefungwa kwa kanuni nyingi kiasi hicho. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba tanka iko karibu zaidi na ukurasa wa kitabu kuliko na pambo la ukutani, na kwamba asiyezijua herufi zake huziona rangi tu.

Jina na kitenzi chake

Vitabu vya Ulaya huliandika neno hili kwa th na kwa ng ifuatwayo na k. Th hiyo si ile ya themanini. Ni t inayotamkwa kwa pumzi nyingi. Waswahili wa Mombasa na Lamu, ambao hutofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni kwa pumzi tu, hawatapata shida ya kulitamka. Na kwa kuwa n iliyotangulia k hugeukia kaakaa laini yenyewe, kama katika benki, tahajia ya tanka yatosha. Maana yake hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni kitu kikunjwacho.

La kuzingatiwa zaidi ni jina la mchoraji. Kwa Kitibeti huitwa lharipa, jina lililojengwa kwa lha, yaani mungu au mtukufu, na kitenzi kinachotumika sawasawa kwa kuandika herufi na kwa kuchora sura. Lharipa basi ni mwandika watukufu. Kiswahili kimezitenga kazi hizo mbili: kuchora hubeba chembe ya kukata na kutia alama juu ya kitu kigumu, na kuandika, kabla ya kuwa kazi ya kalamu, ni kupanga na kutandaza, kama wasemavyo watu hadi leo kuandika meza. Kusema kwamba tanka huandikwa kusingekuwa kosa kubwa. Maana mchoraji wake, kama itakavyoonekana, hupanga kwanza na kupaka baadaye.

Neno sanamu lina matatizo yake. Kamusi hulipa maana ya kitu kilichochongwa na pia ya picha, lakini karne nzima ya mahubiri imeliambatanisha na ibada iliyokatazwa. Mfasiri akiandika sanamu, msomaji amekwisha kuhukumu kabla hajatazama. Kwa sababu hiyo hapa yatatumika maneno picha na sura, ingawa nayo ni mepesi kuliko kitu chenyewe.

Kivuli cha Budha

Siddhartha Gautama, aliyepewa cheo cha Budha, yaani aliyeamka, aliishi kaskazini ya India yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Dini yake iliingia Tibet kuanzia karne ya 7, na tanka kongwe zilizosalia huko ni za karne ya 11 na ya 12. Picha za kitambaa zilikuwapo kabla ya hapo: bendera za hariri zilizofichwa katika mapango ya Dunhuang, huko China, ziligunduliwa mwaka 1900, zikachukuliwa kwa wingi na Aurel Stein mwaka 1907 na Paul Pelliot mwaka 1908, na leo zimegawanyika baina ya London, Paris na kwingineko. Katika bonde la Kathmandu, Wanewari walikuwa na picha zao ziitwazo paubha, na mafundi wao waliitwa mara kwa mara kufanya kazi katika nyumba za watawa wa Tibet.

Wabudha wenyewe hueleza chanzo kwa hadithi. Mfalme mmoja wa mbali, Udrayana, alimpelekea mfalme Bimbisara wa Magadha zawadi ya vazi la vito lisilokadirika thamani. Bimbisara alikosa cha kurudisha, akaenda kwa Budha kuomba shauri. Budha akakubali sura yake itumwe. Wachoraji walipoitwa hawakuweza kazi, kwa kuwa kila walipomtazama walisahau kuchora. Ndipo Budha alipoacha kivuli chake kiangukie kitambaa, wakakifuata kwa mstari na kukijaza rangi, na chini yake yakaandikwa maneno ya mafundisho. Hadithi hii imebeba kanuni nzima ya tanka: sura haibuniwi, hupokewa, na picha huenda pamoja na maandishi.

Vipimo, mawe na gundi

Kitambaa cha pamba hushonwa pembezoni kwenye vijiti vyembamba, kisha hukazwa kwa kamba ndani ya fremu kubwa ya mbao hata kikaitika kama ngozi ya ngoma. Hupakwa chaki au udongo mweupe uliochanganywa na gundi ya ngozi ya mnyama, mbele na nyuma, tena na tena, na kila mara husuguliwa kwa jiwe laini au kwa kombe mpaka nyuzi zisionekane. Ikiwa gundi ni nyingi, picha itapasuka ikikunjwa. Ikiwa haba, rangi itabanduka kama vumbi.

Baada ya hapo hufuata vipimo. Mchoraji hupiga mstari wa katikati na mistari mingine inayoukata, kisha huweka mraba baada ya mraba. Kizio ni upana wa kidole, na vidole 12, au kupita kidogo, hufanya uso mmoja. Katika mapokeo ya Kalachakra, Budha aliyesimama hufikia vizio 125. Katika mapokeo mengine, 120. Watukufu wa upole wana vipimo vyao, wakali wana vyao vilivyo vifupi na vinene. Sura iliyokosewa vipimo haisemwi kuwa ni mbaya kwa macho tu. Huhesabiwa kuwa haifai kwa ibada. Msomi wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kushangaa. Utenzi una mizani 8 kwa kila kipande, na hakuna anayesema kwamba mizani ilimziba mshairi kinywa. Mchoraji wa tanka naye ana uwanja wake wa uhuru: milima, mawingu, maji, maua, wanyama na watu wadogo wanaomzunguka mtukufu mkuu. Ni katika uwanja huo ndipo mitindo ilipozaliwa: ule wa Menla Döndrup katika karne ya 15, ule wa Khyentse Chenmo katika karne hiyo hiyo, na ule wa Namkha Tashi katika karne ya 16, ambao ulikopa nafasi pana na milima ya mbali kutoka kwa wachoraji wa China.

Mtindo huu wa mwisho ulihuishwa na mtu ambaye wanafunzi wa isimu wangependezwa kumjua. Situ Panchen (1700–1774), mkuu wa nyumba ya watawa ya Palpung mashariki ya Tibet, alikuwa mwanasarufi ambaye ufafanuzi wake wa sarufi ya Kitibeti ungali ukisomwa. Ndiye aliyesimamia uhariri wa maandiko matakatifu yaliyochongwa kwenye mbao huko Derge kati ya 1729 na 1733. Na alikuwa mchoraji. Kwake yeye kusahihisha kitenzi, kusahihisha ubao wa kuchapia na kusahihisha mkono wa Tara havikuwa kazi tatu za watu watatu.

Rangi zenyewe zilikuwa mawe. Buluu ni azuriti na kijani ni malakiti. Mkazi wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa malakiti ni nini, kwa kuwa ndilo jiwe la kijani la Katanga, lililo ndugu wa shaba. Azuriti hupatikana katika mawe hayo hayo, na yote mawili ni shaba iliyobadilishwa na hewa na maji. Tibet ilikuwa na machimbo yake huko Nyemo, magharibi ya Lhasa. Jiwe huoshwa, husagwa taratibu, na hutenganishwa majini: chembe nene huzama kwanza zikatoa rangi nzito, chembe laini huchelewa zikatoa rangi hafifu, na hivyo jiwe moja huzaa daraja kadhaa za buluu. Nyekundu ni zinjifuri, jiwe lenye zebaki. Njano hutoka katika jiwe lenye aseniki, na mafundi hujihadhari wasilambe brashi yake. Nili ya mimea na wekundu wa wadudu wa lakiri hutumika kutia vivuli. Dhahabu husagwa, huchanganywa na gundi, hupakwa, kisha husuguliwa kwa ncha ya akiki hata ing'ae mahali panapotakiwa pekee.

Kazi huanza kwa kilicho mbali na kuishia kwa kilicho karibu: mbingu kwanza, ardhi, mavazi, miili, nyuso. Macho hungojea mwisho, na hutiwa siku iliyochaguliwa kuwa njema, mara nyingi mwezi ukiwa mpevu. Tendo hilo huitwa kufungua macho.

Herufi za mwili

Mtukufu hutambulikana kwa rangi yake, kwa idadi ya mikono na nyuso, kwa mkao, kwa ishara ya vidole na kwa kitu alichoshika. Sura ya uso haisaidii sana, maana nyuso za upole zote hufanana. Wabudha watano wa pande za dunia wagawana rangi hivi: Vairochana ni mweupe naye yuko katikati, Akshobhya ni buluu upande wa mashariki, Ratnasambhava ni wa njano kusini, Amitabha ni mwekundu magharibi, Amoghasiddhi ni wa kijani kaskazini. Mkono wa kulia ukigusa ardhi kwa ncha za vidole, anayeonekana ni Budha saa ya kuamka kwake, akiita ardhi iwe shahidi wake. Akshobhya naye ana ishara hiyo, hivyo ni rangi itakayoamua. Manjushri hushika upanga unaokata ujinga, na kando yake kuna kitabu juu ya ua la yungiyungi. Tara mweupe ana macho 7: matatu usoni, mawili viganjani, mawili nyayoni, wala si kituko, bali ni kusema kwamba huruma isiyoona mateso ya watu haina kazi. Tara wa kijani amenyosha mguu wa kulia nje ya kiti chake, tayari kuinuka.

Yungiyungi huota katika tope na ua lake halina tope. Ndiyo sababu karibu kila mtukufu ameketi juu yake.

Wakali ndio waliowatisha wasafiri wa zamani, wakawaita mashetani. Mahakala ana mwili mweusi au buluu iliyokolea, taji la mafuvu matano, macho matatu yaliyotoka na moto nyuma yake. Mafuvu hayo ni maovu matano ya moyo yaliyogeuzwa kuwa hekima tano. Mwili anaoukanyaga si wa mtu, ni wa kizuizi. Ukali wake wafahamika kwa mfano wa mama anayemkemea mtoto aliyesogelea moto. Kwa watukufu wa namna hii hutumika mara nyingi tanka nyeusi, ambamo mistari ya dhahabu hutokea gizani na rangi nyingine ni chache.

Gurudumu

Hakuna picha inayosomeka kwa ukamilifu zaidi kuliko gurudumu la maisha. Sheria za watawa zilizopokewa Tibet huliweka barazani mwa nyumba yao, mahali ambapo hata asiyejua kusoma hupita. Mabaki ya mojawapo ya zamani yako katika baraza ya pango la 17 la Ajanta, India. Huchorwa ukutani na huchorwa pia kwenye tanka.

Kitovuni kuna wanyama watatu: nguruwe, jogoo na nyoka. Nguruwe ni ujinga, jogoo ni tamaa, nyoka ni chuki. Mara nyingi jogoo na nyoka hutoka kinywani mwa nguruwe, kwa sababu ujinga ndio mzazi wa hao wawili. Wakizungukwa na pete iliyogawanyika, nusu yake nyeupe ambamo watu wapanda, nusu nyeusi ambamo wavutwa chini kwa kamba. Pete ya tatu ina makao sita: ya miungu, ya nusu-miungu, ya binadamu, ya wanyama, ya mizuka wenye njaa na ya jehanamu. Nusu-miungu wapigana na miungu kwa ajili ya mti ambao mizizi yake iko kwao na matunda yake yako kwa jirani, ugomvi ambao hauhitaji kufasiriwa. Mizuka wana matumbo kama pipa na koo kama sindano. Ndani ya kila makao amesimama Budha mdogo, na kwa miungu anapiga kinanda cha nyuzi: waliojaa raha hawasikii hotuba, labda watasikia kwamba wimbo una mwisho.

Pete ya nje ina picha 12 zinazofuatana kama sentensi moja. Kipofu na fimbo yake ni kutojua. Mfinyanzi ni matendo yanayoumba umbo la kesho. Tumbili arukaye tawi hadi tawi ni utambuzi. Watu ndani ya mtumbwi ni jina na mwili. Nyumba tupu yenye madirisha sita ni milango ya hisi, kwa kuwa moyo umehesabiwa kuwa wa sita. Wawili waliokumbatiana ni mguso. Mtu mwenye mshale jichoni ni hisia, na hapo mchoraji hakutaka mtazamaji apite upesi. Kisha mnywaji, ambaye kiu yake huongezeka kwa kunywa, mchuma matunda, ambaye ni kushikilia, mwanamke mjamzito, mwanamke anayejifungua, na mwishoni mtu aliyebeba maiti mgongoni. Baada ya maiti jicho hurudi kwa kipofu, maana pete haina mahali pa kuishia.

Gurudumu lote limeshikwa kwa meno na makucha na Yama, bwana wa mauti. Nje yake, juu pembeni, Budha amesimama akinyosha kidole kuelekea mwezi. Ni kitu pekee kisichozunguka katika picha nzima, na mtazamaji asiyefundishwa hukidhania kuwa pambo la kujaza kona.

Upande usioonekana

Picha ikikamilika hutolewa kwenye fremu na kushonewa hariri pande zote. Mistari miwili myembamba, mwekundu na wa njano, huizunguka kwanza, nayo huitwa upinde wa mvua. Katika hariri ya chini huwekwa kipande cha zari kiitwacho mlango. Pazia jepesi hufunika uso, fimbo ya mbao hutiwa chini ili kuinyosha, na riboni mbili hushuka juu ya pazia.

Ila bado haijawa kitu cha kuabudia. Nyuma ya kitambaa, mahali panapolingana na paji la uso, koo na kifua cha mtukufu, huandikwa silabi tatu, Om, Ah, Hum, ambazo ni mwili, usemi na moyo. Kisha lama hufanya ibada ya kumwalika mtukufu akae humo. Tanka nyingine zina alama za viganja vya lama nyuma yake. Mchoraji kwa kawaida haweki jina lake. Aliyegharimia ndiye huonekana wakati mwingine, mdogo kabisa, pembeni chini, amepiga magoti. Mara nyingi aliagiza kwa sababu ya kifo: familia huomba tanka ya marehemu imalizike ndani ya siku 49, muda unaoaminiwa kuwa roho ingali njiani baina ya kufa na kuzaliwa upya, ili thawabu ya picha imsindikize. Mchoraji wa kazi hiyo hushindana na kalenda, na mjane hupita kila mara kutazama kilipofika.

Mambo hayo yote hupotea kwenye kuta za majumba ya makumbusho. Ulaya ina hazina kubwa, mathalani katika jumba la Guimet mjini Paris, na kazi ya Giuseppe Tucci iliyotoka Roma mwaka 1949 iliwafungulia wasomi njia ya kusoma maandishi pamoja na picha. Lakini kioo huonyesha upande mmoja. Silabi za nyuma zimeelekea ukuta, pazia limeondolewa au limekunjwa juu, hariri mara nyingi imekatwa na wafanyabiashara waliodhani kwamba thamani iko katikati tu. Nyingi zilifika huko baada ya mwaka 1959, Watibeti wengi walipokimbilia India na Nepal wakauza walichobeba. Na zilizobaki nyumbani ziliangamia kwa wingi pamoja na nyumba za watawa, hasa katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976. Madukani Kathmandu huuzwa picha za haraka zilizopakwa rangi za kiwanda na kufukizwa moshi zionekane za kale. Zina uso wa Tara, hazina vipimo vyake. Mnunuzi haoni tofauti, na ndiyo maana biashara hustawi.

Ufundi wenyewe haukufa. Bhutan ilifungua shule ya sanaa 13 za jadi mjini Thimphu mwaka 1971, na uchoraji ni mojawapo. Taasisi ya Norbulingka ilianzishwa karibu na Dharamsala, India, mwaka 1988. Sanaa za Rebkong, katika jimbo la Qinghai, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwanafunzi katika shule hizo hukaa miaka akichora kichwa cha Budha kwa mkaa na kukifuta, kabla ya kukabidhiwa rangi.

Na ziko tanka ambazo hakuna jumba la kioo linaloweza kuzimeza. Huko Paro, Bhutan, siku ya mwisho ya sikukuu ya masika, kitambaa kikubwa cha vipande vya hariri vilivyoshonwa hukunjuliwa gizani juu ya ukuta mrefu kuliko nyumba. Huitwa kikomboacho kwa kuonwa. Watu hupanga mstari kabla ya alfajiri, wazee na watoto, wagusishe paji la uso kwenye upindo wake wa chini. Jua likikaribia kuufikia ukuta, watawa huvuta kamba na kukikunja tena, kwa kuwa mwanga huila hariri, na kitambaa kinarudi sandukuni hadi mwaka ujao.